Mercedes ya marehemu baba inalala kila asubuhi: nibadili kompresa, au ning'oe hewa niweke springi?

Swali lenyewe kwa kifupi: dada mmoja wa Tegeta, Dar es Salaam, amerithi Mercedes-Benz S 350 ya mwaka 2003 kutoka kwa marehemu baba yake. Imetembea kilomita 186,000. Kila asubuhi anaikuta imelala mbele upande wa kulia, tairi limezama ndani ya fenda. Akiwasha, inanyanyuka polepole kwa dakika kadhaa, na wiki mbili hizi dashibodi imeanza kutoa maandishi mekundu kwamba gari liko chini mno. Fundi wa kwanza kamwambia kompresa, ile pampu inayojaza hewa kwenye miguu ya gari, imekufa. Wa pili kamwambia mfumo wa hewa ni wa barabara za Ulaya, hapa kwetu haufai, kwa hiyo ung'olewe wote zifungwe springi za gari jingine. Anauliza amsikilize yupi, na kama gari hilo linaweza kuboreshwa, kwa sababu Desemba anataka kwenda nalo Moshi na watoto.

Pole sana dada, Mungu amlaze mzee wako mahali pema. Gari alilokuachia bado lina maisha, na ugonjwa unaoueleza nimeutibu mara nyingi. Ninachokuomba ni kimoja: usimlipe fundi yeyote kati ya hao wawili mpaka umalize kunisoma.

Fundi wa kwanza kakosea kwa sababu nyepesi kabisa. Kompresa iliyokufa hainyanyui gari, na lako linanyanyuka kila siku. Kinachokusumbua ni hewa inayotoka usiku, wakati gari limezimwa na kompresa haina kazi. Ichukulie kompresa kama mtu anayejaza maji kwenye pipa lililotoboka. Anachoka, na siku moja ataanguka. Lakini ukimleta mwingine mwenye nguvu bila kuziba pipa, naye ataanguka vilevile. Nimeshapokea magari yaliyofungwa kompresa mpya mbili ndani ya mwaka mmoja, na mguu unaovuja ni uleule.

Gari lako ni lile tunaloliita W220, S-Class iliyotoka mwaka 1998 ikaendelea kutengenezwa hadi 2005. Halina springi za chuma. Kila pembe ina mguu mmoja, ndani yake kuna shokapu, na juu ya shokapu kuna mfuko wa mpira uliojaa hewa. Mfuko huo ndio springi. Mercedes waliupa mfumo huu jina la AIRMATIC. Kompresa imekaa mbele kulia, chini, nyuma ya plastiki za fenda na bampa. Inasukuma hewa kwenda kwenye bloku ya valvu, na bloku ndiyo inayoamua mguu gani upate na mguu gani upunguziwe. Sensa za urefu, mbili za mbele na moja ya nyuma, zinaiarifu kompyuta gari limesimama vipi. Abiria watatu wakipanda nyuma na mizigo ikijaa buti, kompyuta inaona nyuma imeshuka, inafungua valvu na kujaza mpaka gari likae sawa. Shokapu nazo zinaongozwa na umeme, zinakuwa laini au ngumu kufuatana na barabara na mwendo.

Kabla hatujaenda mbali, chukua tochi uchungulie juu ya tairi la mbele. Unatakiwa uone mpira mweusi au kifuniko chake cha vumbi. Ukiona springi ya chuma, basi ama kuna mtu alishabadilisha, ama gari lina mfumo wa ABC, ule unaotumia mafuta yenye presha kubwa, ambao ulifungwa hasa kwenye S 600 na zile za AMG, tawi la Mercedes la magari ya kasi. ABC ni habari nyingine na nisingependa uchanganye. Kwa S 350 sitarajii uikute.

Sasa kwa nini mguu unavuja? Watu wanalaumu mashimo, lakini muuaji mkuu ni miaka. Mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki. Hivi karibuni nilikuwa na mguu wa mbele wa W220 mezani. Kwa nje ungeapa ni mzima, mweusi na hauna hata mchubuko. Nilipouvua kifuniko na kubonyeza kwa kidole gumba pale mpira unapojikunja kuelekea chini, mkunjo ukafunguka, na humo ndani nikaona nyufa nyembamba zimezunguka duara lote, kama tope la mbuga lililokauka, zimejaa unga wa udongo mwekundu. Udongo ule ndio unaomaliza kazi. Kila gari linapopanda na kushuka, chembe zinasaga mpira palepale. Ndiyo maana kifuniko cha vumbi kilichochanika si jambo la kupuuza, hasa kwa mtu anayepita barabara ya vumbi kila siku kufika kwake.

Kuna jambo jingine linalowachanganya mafundi. Ufa unaweza kuvuja gari likiwa katika urefu fulani tu. Likiwa juu, sehemu iliyopasuka imenyooka na kubanwa, halivuji. Likishuka kidogo, mkunjo unahamia kwenye ufa, hewa inatoka. Fundi analipima likiwa juu, anamwaga maji ya sabuni, haoni povu, anasema mguu mzima. Kisha analaumu kompresa.

Kipimo cha kwanza fanya mwenyewe nyumbani, kinahitaji futi ya fundi cherehani tu. Jioni, gari likiwa limesimama sawa na kwenye sakafu iliyonyooka, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Fanya hivyo kwa matairi yote manne na uandike. Kisha mwambie fundi umeme aje aichomoe rilei ya kompresa, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha, kwenye boksi la fyuzi, ili mfumo usijirekebishe wenyewe usiku. Asubuhi, kabla hujafungua mlango wowote, pima tena sehemu zilezile. Nasisitiza kabla ya kufungua mlango, kwa sababu kompyuta ya gari hili inaamka unapofungua, na ina tabia ya kushusha upande mzima ili gari lisikae mshazari. Unakuta mbele yote imelala ukadhani miguu miwili imekufa, kumbe mmoja ndio unavuja na mwenzake ameshushwa amsindikize.

Ukikuta pembe moja tu imeshuka, tatizo ni mguu ule au bomba lake. Ukikuta mbele zote mbili au nyuma zote mbili zimeshuka kiasi kilekile, nashuku bloku ya valvu kwanza. Kwa maelezo yako nina imani ni mguu wa mbele kulia, lakini imani si kipimo. Kesho yake fundi anyanyue gari kwa swichi yake ya kupandisha, apulize maji ya sabuni ya kuoshea vyombo pale bomba linapoingia juu ya mguu na kwenye mkunjo wa mpira, kisha alishushe kidogo na kupuliza tena. Bloku ya valvu nayo apulize. Wakati mwingine povu linatoka kwenye nati ndogo ya bomba tu, na hapo tiba ni nati mpya na pete yake, ukarudi nyumbani na hela yako yote. Usiruke hatua hii.

Tukirudi kwenye kompresa, sitaki uondoke ukidhani haikuumia. Imeumia, ila sababu ni mguu. Ndani yake kuna pistoni yenye pete, na pembeni kuna kikaushio, chembechembe zinazonyonya unyevu kutoka kwenye hewa kabla haijaingia kwenye mfumo. Katika hali ya kawaida, gari linaposhuka, hewa kavu hurudi kwa njia ileile ikipita kwenye chembechembe hizo na kuondoka na unyevu zilizokwisha kuunyonya, kwa hiyo kikaushio kinajikausha chenyewe kila siku. Mguu ukivuja, hewa haitoki tena kwa njia hiyo, inatorokea kwenye ufa. Kompresa inavuta hewa mpya mfululizo, yenye unyevu wa pwani yetu, na kikaushio hakipati hata nafasi moja ya kujikausha. Mwishowe chembe zinavunjika kuwa unga, na unyevu na unga vinaingia kwenye bloku ya valvu. Hapo ndipo tatizo la sehemu moja linapokuwa la sehemu tatu. Kwa hiyo kila wiki unayoendelea kuendesha mguu ukiwa unavuja, unaongeza bili.

Na rilei! Hicho kidude kidogo kimeua kompresa nyingi. Kompresa inapofanya kazi kupita kiasi, vidole vya rilei vinaungua na kugandana. Vikigandana, kompresa haizimiki hata ukichomoa funguo. Mteja wangu mmoja alisikia mlio kama wa nyuki chini ya gari saa nne usiku, akadhani ni feni, akalala. Asubuhi betri ilikuwa tupu na kompresa inanuka plastiki iliyoungua. Rilei mpya ni pesa kidogo sana ukilinganisha na kompresa. Wewe ibadili sasa hivi, hata kabla hujaamua lolote kuhusu miguu, na kila kompresa inayobadilishwa ibadilishwe na rilei yake.

Namgeukia fundi wa pili. Sitaki kumdharau, maana wazo lake lina historia ndefu. Cadillac walitoa Eldorado Brougham mwaka 1957 ikiwa na saspensheni ya hewa, ikavuja, na wamiliki wengi wakaibadilisha kuwa springi za chuma. Mercedes wenyewe walianza na 300 SE mwaka 1961, na tangu wakati huo kila kizazi cha magari ya hewa kimefuatwa na watu wa kuyavua hewa. Hata leo kuna seti zilizotengenezwa makusudi kwa W220: miguu minne yenye springi na shokapu zilizopimwa kwa uzito wa gari hili, pamoja na kidude cha umeme cha kuituliza kompyuta ili maandishi mekundu yasitoke. Mtu akichagua seti kama hiyo kwa macho wazi, simlaumu.

Lakini hicho sicho alichokuambia fundi wako. Yeye anasema springi za gari jingine. Hapo nakukataza kabisa. S 350 ina uzito wa takribani kilo 1,800, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele. Springi ya gari jepesi italala, ya gari zito itarusha. Gari likikaa juu au chini kuliko lilivyoundwa, pembe za matairi zinabadilika zote, tairi linalika ndani, usukani unatangatanga. Shokapu iliyobuniwa kufanya kazi na mfuko wa hewa inakutana na springi isiyoijua, na matokeo yake gari linadunda mara tatu baada ya kila tuta. Nimeyaona magari haya. Wengine hukata waya za sensa na kuacha zinaning'inia, na mtu akitaka kurudisha hali ya awali anakuta hakuna pa kuanzia.

Na ile hoja kwamba mfumo wa hewa haufai kwa barabara zetu siikubali. Mfumo ukiwa mzima ndio unaofaa kwetu zaidi. Una swichi ya kunyanyua gari kabla ya kuingia njia yenye mashimo au iliyojaa maji ya mvua. Springi ya chuma haikupi hilo. Ukiwa umepakia familia na mabegi, nyuma hailali, kwa hiyo hupigi bomba la moshi kwenye matuta. Ukiondoa hewa unapoteza yote hayo, na unapoteza ile hali ya kuelea iliyomfanya mzee alipende gari hili.

Kwa hiyo maoni yangu kwako, unayeishi Dar na una mafundi wenye mashine za kusoma Mercedes karibu nawe: baki na hewa. Ungekuwa unahamia nalo mahali ambapo hakuna hata mmoja mwenye mashine hiyo, ningekushauri seti kamili ya springi ya W220, ikafungwa yote kwa siku moja.

Ukibaki na hewa, swali linakuwa mguu gani ununue. Nitakuambia kwanza usichonunua: mguu wa mtumba. Najua kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani hapa Dar utaupata, na wapo watakaokuambia wameuleta kutoka Sharjah, Uarabuni, ukiwa safi kabisa. Unaweza kuwa safi, lakini mpira wake una miaka zaidi ya ishirini kama wako. Unanunua ufa ambao bado haujafunguka. Mtumba wa chuma sina ugomvi nao. Habu, mkono wa nyuma, hata sensa ya urefu, vinunue ukivikagua. Mpira hapana.

Mguu mpya wa Mercedes wenyewe ni ghali, nao ni mzuri. Bilstein wa Ujerumani wanatengeneza mguu mzima wa gari hili, na huo ndio ninaoupendekeza mtu anapoweza. Njia ya tatu ni mguu uliofanyiwa ukarabati kiwandani. Kampuni kama Arnott ya Marekani huchukua mguu wa zamani wa Mercedes, wakakagua shokapu yake na kuufunga mfuko mpya wa mpira. Mtu wa bajeti ya kati hapa ndipo pake. Kisha kuna ile ya bei ya chini isiyo na jina, au yenye jina la kuazima kwenye boksi. Mingine inadumu, mingine haimalizi mwaka, na shida yake kubwa mara nyingi ni shokapu ndani kuliko mpira. Gari linakaa juu vizuri, lakini linapita kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, kama mkokoteni. Ukilazimika kuinunua, hakikisha plagi ya umeme ya shokapu ipo na inaingia, na udai risiti yenye muda wa kurudisha.

Nunua ya mbele miwili kwa pamoja kama mfuko unaruhusu. Kushoto ni pacha wa kulia, umezaliwa siku moja na kupita mashimo yaleyale, hautakaa sana. Zaidi ya hapo, ukiwa na mguu mmoja mpya na mwingine umechoka, gari litainama tofauti kwenye kona za kulia na za kushoto. Ya nyuma iache mpaka vipimo vyako vya asubuhi vionyeshe inashuka.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo watu wanaipita haraka, na mimi nataka nikae hapo. Mguu wa hewa ni kiungo kimoja tu katika miguu ya gari hili. Mbele kuna wishiboni, mikono ya kuvuta, boljointi za juu na za chini, stabilaiza na linki zake, tairodi. Nyuma kuna mikono mitano kila upande, mpangilio ambao Mercedes waliuanzisha na 190 ya mwaka 1982. Kila mkono una bushi zake, yaani mipira ya kwenye viungo. Kwa gari la miaka hii na kilomita 186,000, kama bushi hazijawahi kubadilishwa basi zimekwisha, hata kama hazijaanza kugonga. Ukifunga miguu mipya ya hewa juu ya bushi zilizokufa, utasikia gari bado linagonga, utadhani umeuziwa mguu mbovu. Mguu wenyewe utabeba mishtuko ambayo bushi ingeimeza, na utakufa kabla ya wakati.

Fundi mzuri wa miguu ataingiza mtaimbo mfupi kati ya mkono na bodi, ataukung'uta na kuangalia bushi inacheza kiasi gani. Simama karibu uangalie naye. Bushi nzima inarudi mahali pake taratibu, iliyokufa inaruka kwa mlio wa chuma. Boljointi ipimwe gari likiwa juu, mtu mmoja anatikisa tairi, mwingine ameweka kidole kwenye kiungo. Kidole kinahisi kabla ya jicho kuona.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndilo linaloharibu kazi nyingi nzuri. Bolti za bushi za mpira hazikazwi mwisho gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Bushi imeshikwa pande zote mbili, inafanya kazi kwa kujinyonga. Ukiikaza tairi likiwa limening'inia, ukilishusha gari bushi inakaa imenyongwa muda wote, mchana na usiku. Itachanika kabla hata hujailipia deni. Bolti zishikwe tu, gari lishushwe lisimame katika urefu wake wa kawaida, ndipo zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Mwulize fundi wako swali hilo moja: "Utazikaza lini?" Jibu lake litakuambia kama umwachie funguo.

Mguu wenyewe nao una adabu zake. Nilishuhudia mguu mpya kabisa ukichanika kabla gari halijatoka gereji. Walikuwa wameufunga vizuri, wakashusha jeki uzito wote ukaja juu ya mfuko usio na hewa, mpira ukajikunja vibaya, na kompresa ilipoanza kujaza, mkunjo ule ukapasuka kwa mlio. Mfuko ujazwe hewa kwanza, kwa kompresa ya gari au kwa mashine, gari likiwa bado limebebwa na jeki, kisha lishushwe polepole. Nati ya bomba juu ya mguu ni ndogo na ya shaba, na ndani yake kuna pete inayolibana bomba. Pete ya zamani isirudishwe, na nati isikazwe kwa hasira, kwani ikizidishwa inalikata bomba. Baada ya hapo mashine ya Mercedes isome mfumo na kuweka urefu upya, kila pembe katika kipimo chake, ndipo alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, ifanyike. Alaimenti ikitangulia kabla ya urefu, umetupa pesa.

Uliuliza kuhusu kuboresha. Katika gari hili, kuboresha ni kulirudisha lilivyotoka kiwandani, na hapo tayari litayashinda magari mengi mapya kwa utulivu. Lakini kuna kitu kimoja cha bei nafuu ambacho kitakushangaza. Angalia namba kwenye tairi zako. S 350 ilitoka na tairi zenye ukuta mnene wa mpira. Magari mengi ya W220 niliyoyaona mjini yamevishwa rimu kubwa za inchi 18 hadi 20, tairi nyembamba kama mkanda. Ukuta wa tairi ni springi ya kwanza kabisa, unameza shimo kabla halijafika kwenye bushi. Kama lako limevishwa makubwa, tafuta rimu zake za asili na tairi nzuri. Utalihisi tofauti kabla hujatoka barabara ya kwenu.

Na usinunue vile vilinki vifupi vinavyouzwa vya kulishusha gari lionekane limelala kistaarabu. Vinaidanganya sensa, kompyuta inapunguza hewa, mfuko unafanya kazi ukiwa umejikunja muda wote, na tairi zinalika upande wa ndani.

Mpaka litengenezwe, naomba uzingatie mambo machache. Usiegeshe karibu na ukingo wa barabara au jiwe la maua, likishuka usiku bampa litakalia hapo. Liache usukani ukiwa umenyooka, ili fenda isiangukie tairi lililokata kona. Asubuhi liwashe, lisubiri lisimame kamili na maandishi mekundu yazime ndipo uondoke. Yakitokea ukiwa njiani, simama pembeni, usijikongoje nalo hadi nyumbani. Mkono wako au wa mtoto usiingie kati ya tairi na fenda hata mara moja, na mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na hewa pekee. Jeki na stendi ziwepo kila wakati, hata kama ni kuangalia dakika moja.

Safari ya Moshi inawezekana, lakini usiondoke nalo siku ya pili baada ya kutoka gereji. Lipe wiki mbili za mjini. Nenda Bagamoyo na kurudi ukiwa umepakia kama utakavyopakia siku ya safari. Kisha rudia kipimo cha futi, jioni na asubuhi. Namba zikibaki zilezile, nyanyua gari, pitisha tochi kwenye mikunjo ya mpira na kwenye nati za mabomba, halafu anza safari alfajiri ili uyaone matuta ya Chalinze, Mombo na Same kukiwa na mwanga. Ikishuka hata upana wa kidole kwenye pembe moja, lirudishe kwa fundi kabla hujapakia begi lolote, ukiwa na zile namba nane mkononi.